Kati ya "utuhurumie" na "utuombee"

Jirani yangu mlokole aliniuliza, kwa upole, kwa nini sisi Wakatoliki tunawaomba wafu ilhali Mungu yu hai. Nilimfungulia Litania ya Watakatifu, sala inayowataja watakatifu mmoja mmoja, katika kitabu changu cha sala, ambacho jalada lake limeshikizwa kwa gundi, nikamwonyesha kwamba Mungu huambiwa "utuhurumie", lakini Karoli Lwanga, shahidi wa imani aliyechomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886 na kutangazwa mtakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, huambiwa "utuombee" tu. Anayemwomba shangazi yake amwombee hamwabudu shangazi. Nakiri, hata hivyo, kwamba wapo miongoni mwetu wanaomkimbilia Mtakatifu Antoni funguo zikipotea, na Misani hawaonekani.