Kuichokoza Gesi: Safari ya Pemba

Meli iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi, na tulipoingia mkondo wa Nungwi abiria wengi walikuwa wameshajilaza. Kusi lilikuwa limeshika. Mimi nilikuwa na daftari mapajani, naandaa somo ambalo dada yangu, mwalimu wa Chake Chake, aliniomba niwafundishe wanafunzi wake wa kidato cha sita: gesi zilizopozwa hadi karibu na sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, na yanayotokea zikichokozwa.

Kutoka Mkoani barabara yote ilinukia karafuu, zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba. Harufu ile hainichoshi.

Kabla ya siku ya somo dada alitupeleka Misali, mimi na mwanawe. Pale Wesha maji yalikuwa yanakupwa, mashine haiwezi kuwashwa, nahodha akachukua pondo. Alipolivuta taratibu maji yalijifunga nyuma yake kama hayakuguswa. Aliposukuma kwa nguvu, vikatokea vishimo viwili vya maji, kimoja kinazunguka kulia, kingine kushoto, vikaenda pamoja hadi kwenye mizizi ya mikoko vikapotelea huko.

"Mjomba, hiyo gesi yako nayo inafanya hivi?"

Inafanya, na kwa namna ya ajabu zaidi. Mwaka 1995, mjini Boulder, Marekani, wanafizikia Eric Cornell na Carl Wieman walipoza atomu za rubidi, aina ya metali, hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya digrii juu ya sifuri kamili. Atomu kama 2,000 zikaacha kwenda kila moja kivyake, zikawa wimbi moja. Einstein alikuwa ameshalitabiri hilo mwaka 1925, akiendeleza hesabu za Mhindi Satyendra Nath Bose. Wingu hilo la atomu huelea ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, limeshikwa na sumaku, haligusi ukuta. Huwezi kulitia kipimajoto. Ukitaka kulijua ulichokoze, kisha utazame linavyojibu.

"Wanalichokoza kwa kitu gani hasa, maalim?" nahodha akadakia.

"Kwa mwanga, ami."

Mwaka 1999 Wolfgang Ketterle na wenzake wa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, walipitisha mwale wa leza ndani ya wingu la atomu za sodiamu, mbele na nyuma. Mwale ulipokwenda polepole, wingu halikupata joto. Ulipita bila msuguano. Kasi ilipozidi takriban milimita 1.6 kwa sekunde, joto likaanza kupanda.

"Pondo lisilokamatwa na maji!" nahodha alisema, akasita kusukuma.

Kijana yeye alishikwa na habari ya mzunguko. Maji ya Wesha huzunguka kwa kiasi chochote. Wingu lile haliwezi. Mzunguko wake huja kwa vipimo maalumu tu, ndiyo maana ukilikoroga linajaa vishimo vidogo, vyote na kipimo kilekile. Mwaka 2001 MIT walipiga picha ya vishimo zaidi ya 100, vimejipanga kwa pembetatu, safu kwa safu. Kwangu hiyo ni miongoni mwa picha nzuri kabisa za fizikia, na inaniuma kwamba sijaiona katika kitabu chochote tunachofundishia.

Misali tulikula, tukaogelea, tukarudi maji yakijaa.

Darasani niliongeza habari za São Carlos, Brazil, ambako mwaka 2009 watafiti walilitikisa wingu la rubidi mpaka vishimo vikatapakaa ovyo kila upande, mvurugo mtupu. Binti aliyekaa dirishani akauliza: likishavurugika hivyo, wanalitulizaje?

Hawalitulizi. Wanalifungulia kutoka kwenye mtego wa sumaku, linatanuka, wanalimulika na kupiga picha, na wingu limekwisha. Wanapoza jingine tangu mwanzo.

"Kwa hiyo kila picha ni ya wingu jingine?"

"Kila picha."

Akaandika, kisha akataka kujua wanahakikishaje kwamba mawingu yote hayo yako sawa. Wenzake wakaingilia, mmoja akaenda ubaoni bila kuitwa, na muda wote uliobaki tukajadili makosa ya vipimo, mjadala mzuri kuliko somo nililoliandaa melini.