Riale ya Bibi na taler ya Liechtenstein

Bibi alivaa riale ya Shamu, ile sarafu kubwa ya fedha ya zamani, shingoni mpaka alipofariki. Sonara wa Unguja alikuwa ameitia kipete cha kupitishia mkufu, juu kabisa ya kichwa cha Maria Theresa, na uso wa yule malkia wa Austria ulikwishalika kwa miaka ya kusuguana na kanga. Nikairithi, nikahamia nayo Uswisi. Novemba 2014 nikaipeleka kwa mzee mmoja muuza sarafu mjini Zürich, nijue tu uzito wake.

Akaiweka mizanini. Riale kamili ina gramu 28 na ushei. Ya Bibi haikufika 27, pamoja na kipete chake. "Zilipigwa mamilioni kwa mamilioni, na zote zimeandikwa 1780," akaniambia kwa upole. Nikaelewa kwamba haina bei.

Naifunga kwenye leso, akaniambia ningoje. Akavuta trei ya mahameli, akanionyesha sarafu ndogo kuliko yangu: taler ya 1862 ya Liechtenstein, kile kinchi kidogo jirani na Uswisi. Upande mmoja mtawala Johann II, bado kijana mbichi. Upande wa pili maneno ya Kijerumani, kwamba taler 30 zinatoka katika ratili moja ya fedha safi, yaani nusu kilo. Zilipigwa 1,920 basi. Nikafanya hesabu kichwani: kila moja gramu 18.5, zote pamoja hazifiki kilo 36. Fedha ya nchi nzima, na mchukuzi mmoja wa Malindi bandarini angeitia begani akaondoka nayo!

Nikamuuliza zilipigwa wapi.

"Vienna."

Moyo ukanipiga. Vienna ndiko zilikotoka na riale nyingi za zama zile. Waaustria wenyewe waliacha kuzitumia tangu 1858, lakini hawakuacha kuzipiga, kwa sababu Uhabeshi, Uarabuni na pwani yetu watu walizitaka hizo hizo, na sura ile ile ya mama wa kifua kipana.

Nikamwomba mzee aipime na taler yake. Gramu 18.5, haikupungua hata chembe. Ilikuwa ikimeta kama imetoka kiwandani jana. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na niliitamani kweli, mpaka leo naitamani. Lakini nilivyoiangalia nikaionea huruma: miaka 152, na haijapata kununua hata fungu la dagaa.

Nikaivaa riale ya Bibi shingoni pale pale dukani, nikatoka.