Nilivyofinyaza mikwaruzo ya sindano kwa oveni

Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Eastlands, Nairobi, na nilitaka sana wanafunzi wajionee jinsi joto linavyobadilisha umbo la polima, yaani vitu kama plastiki vyenye molekuli ndefu kama minyororo, kwa kutengeneza mifereji midogo ya kupitisha maji. Mashine za kuchonga mifereji hiyo hatuzimudu. Nikafuata njia ya Michelle Khine, ambaye mwaka 2008, akiwa Chuo Kikuu cha California, Merced, yeye na wenzake walichapisha jinsi walivyotengeneza mifereji hiyo kwa plastiki ya kuchezea watoto, printa na oveni.

Mimi nilichukua vifuniko angavu vya keki, vile vya polistireni vyenye namba 6 ndani ya pembetatu. Kiwandani plastiki hiyo huvutwa ingali moto kisha hupozwa upesi, hivyo molekuli zake hubaki zimenyooshwa. Ikipita takriban nyuzi 100 zinalegea na kujikunja upya. Maji ya kuchemka hayatoshi: kwa mwinuko wa Nairobi huchemka karibu nyuzi 95 tu.

Nilikata mraba, nikauchora miraba midogo kwa kalamu ya wino usiofutika, nikakwaruza mistari kwa sindano, nikauweka ovenini juu ya karatasi ya kuokea. Madirisha yote wazi, maana harufu yake si nzuri kuvuta.

Kipande kilianza kujikunja, pembe zikainuka hadi zikakaribia kugusana.

“Mwalimu, kimeharibika! Tukitoe!”

“Kiache kwanza.”

Upande mmoja hupata moto kabla ya mwingine. Joto lilipoenea, kikajilaza chenyewe. Tukakitoa na kukigandamiza papo hapo kwa bati zito.

Plastiki haipungui, inahama tu: urefu na upana vikibaki nusu, unene huwa mara nne. Mikwaruzo ilikuwa imesogeleana na kuwa myembamba mno. Tulidondosha maji ya wino yenye sabuni kidogo, na chini ya hadubini tukauona wino ukikimbia ndani ya mfereji. Darasa zima lilipiga makofi.

Ile miraba ya kalamu ndiyo iliyonifaa zaidi. Mingi ilitoka mistatili, kwa kuwa kifuniko hufinyaa zaidi upande kilikovutwa zaidi. Sasa napima kwanza kipande cha majaribio, kisha nakwaruza nikiuzingatia upande huo. Na kikishalala sikicheleweshi ovenini; kikikaa mno, plastiki iliyolainika hulainisha kingo na mfereji hupoteza makali yake.