Siku tulipong'oa mlango wa kabati

Aprili 2010 masika yalikuwa yamekaza Old Moshi, barabara ya kupandia kijijini tope tupu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo, na kijiji kikanipa kazi ya kufungua kituo chetu cha maarifa kila asubuhi. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la chama cha msingi cha ushirika. Wanakijiji walichangishana saruji na mabati, vijana wakabeba mchanga kichwani. Ndani mlikuwa na mabenchi, kompyuta mbili za msaada zilizotegemea umeme wa kukatika-katika, na kabati la vitabu lenye kufuli.

Kufuli liliwekwa kwa nia njema. Kamati iliogopa vitabu vitachafuka au kupotea, na tulivyovipata kwa taabu. Ufunguo alikaa nao mwenyekiti wa kamati, na wiki ile mwenyekiti alikuwa Dar es Salaam kwenye harusi.

Jumanne asubuhi akaingia dada yake babu yangu, kalowa mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitafutie ugonjwa huu."

Akafungua fundo la kanga juu ya meza. Zilikuwa buni mbichi, kama kiganja kizima. Kwa mbali ungeziona za kijani kibichi, nzuri tu. Ukizisogeza karibu, kila moja ina doa la kahawia iliyokolea, limedidimia kama mtu kabonyeza kwa ncha ya kidole. Nyingine zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi na kukauka. Bibi alisema zinapukutika kila mvua ikinyesha, na mjukuu wake wa kiume anataka kung'oa mibuni yote apande mahindi. Mibuni ile ilipandwa na baba mkwe wake. Ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne.

Nilijua jibu lipo wapi. Mwaka mmoja na zaidi nyuma nilisaidia kupanga kabatini vipeperushi vya kahawa kutoka Lyamungo, kwenye kituo cha utafiti kilichoanza 1934 na ambacho sasa kiko chini ya TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Nilikumbuka picha ya buni yenye doa juu ya kimojawapo. Nikampigia simu mwenyekiti. Akasema tusubiri arudi Jumamosi.

Bibi aliketi kwenye benchi, akalitazama lile kabati. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akikaa benchi lile lile kwenye kikao cha kuweka na kukopa, na kabati likiwa mbele yake, hatua sita hivi. Misimu miwili ya kahawa ilipita hivyo. Hilo bado linaniuma.

"Mpaka Jumamosi buni zitakuwa chini zote," akasema. "Kaniitie fundi."

Fundi seremala alikuwa ng'ambo ya barabara akiranda kitanda. Niliwaita pia wajumbe wawili wa kamati waliokuwa karibu, kwa sababu sikutaka jambo lile lifanyike kwa siri. Tuliandika kwenye daftari: tarehe, saa, sababu ya kufungua, sahihi zao. Bawaba zilikuwa kwa nje. Fundi akazungusha bisibisi, skrubu moja moja akiziweka kwenye kiganja cha bibi, na mlango ukatoka mzima huku kufuli likining'inia mahali pake. Harufu ya karatasi zilizokaa gizani na unyevu ikatujaa puani.

Kipeperushi kilikuwa rafu ya pili. Nikataka kumsomea, bibi akakichukua mkononi mwangu.

"Nilisoma kisomo chenye manufaa cha watu wazima, mimi."

Akaanza, kidole kikifuata mstari, sauti juu. Chulebuni. Ni ugonjwa wa kuvu. Hushambulia buni changa, na maji ya mvua huueneza kutoka buni hadi buni. Dawa ya mrututu ianze kupigwa kabla ya masika, nayo ifike kwenye buni zenyewe. Hapo bibi akanyamaza. Yeye alikuwa akipiga majani, tena baada ya kuona unga wa rangi ya machungwa chini yake. Ule ni kutu ya majani, ugonjwa mwingine kabisa.

"Basi mwaka huu tumechelewa," akasema polepole. Hakuna aliyemjibu.

Wakati huo wanawake watano waliojikinga mvua barazani walikuwa wameshaingia. Bibi akawapanga kwenye mabenchi kwa duara, akatueleza jinsi walivyokaa mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya: redio katikati, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi anasoma, watu wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba choo siku ile ile. Nchi nzima walijiunga watu wapatao milioni 2. Mimi niliisoma kampeni ile shuleni kama historia. Yeye alikuwa mmoja wao, na choo walichochimba bado kipo kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na mibuni.

Wakakisoma kipeperushi mara tatu. Mama mmoja akauliza kama mibuni mizee haina tena tumaini. Tukakuta ukurasa unaoeleza aina mpya zinazostahimili chulebuni na kutu, na wawili wakakubaliana kwenda Lyamungo kuulizia miche. Mwingine akaniomba nimnakilie sehemu ya kupogolea. Niliandika nakala saba kwa mkono siku ile, umeme haukuwepo.

Mwenyekiti aliporudi alikasirika, kisha akalisoma daftari, akatia sahihi yake chini ya zile mbili.

Lakini kesho yake ile Jumatano, kabla hajarudi, tulikuwa kihambani kwa bibi na vikapu, tukichuma buni zenye madoa ili zisiambukize zilizobaki. Yule mjukuu wa mahindi naye alikuja. Bibi alikuwa amekiweka kipeperushi kwenye mfuko wa nailoni, amekichomeka kwenye mkunjo wa kanga kiunoni. Tukifika kwenye mbuni wenye alama asiyoielewa, alisimama chini ya mgomba, akajifuta mikono, akakitoa.

"Hebu soma tena pale pa mvua," alimwambia kijana. "Taratibu."