Kabla mtoto hajabonyeza "Nakubali"

Ikifika Julai, simu yangu hugeuka ofisi ya udahili. Picha za barua za vyuo vya Marekani huingia kutoka Mafinga, Makambako, Uyole, mara Tukuyu, kule nyumbani Tanzania, na swali ni lilelile: "Dada, na hii nayo tusaini?" Barua yenyewe huwa imeshatangazwa kanisani na pongezi zimetolewa. Kinachowakwamisha ni ule ukurasa unaojitokeza mwanafunzi anapotaka kujisajili masomo, yaani mkataba wa kuwajibika kwa malipo. Usipoukubali, mfumo haukuruhusu kuchagua hata somo moja.

Niseme mapema kwamba si utapeli. Vyuo vingi huku Marekani ninakoishi, vya umma na vya binafsi, vina mkataba wa namna hiyo, na vingine vinakutaka uukubali upya kila muhula. Vijana wa hapa wanaubonyeza bila kuusoma, kama wanavyobonyeza masharti ya programu za simu. Wa kwetu wasiwaige.

Kaka yangu wa Mufindi ndiye aliyenisukuma kuandika. Binti yake alipata chuo Ohio. Kaka anauza mbao, na ana shamba la paina alilopanda watoto wakiwa bado wadogo, kwa ajili ya ada. Alinipigia wakati huku ni usiku wa manane.

"Kamwene, dada. Mdhamini wa huyu mtoto ni nani?"

"Hakuna mdhamini, kaka."

"Hakuna vipi? Mwenyekiti wa kijiji anagonga wapi muhuri?"

"Hagongi popote. Anabonyeza mwenyewe kwenye kompyuta, basi."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina hakika hicho ni chuo kweli.

Namwelewa. Alishapitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi kule nyumbani na kijana wake mkubwa, aliyesoma chuo cha Mkwawa, Iringa. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi 2005, na fomu zake zina miguu: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mdhamini asaini na kubandika picha, serikali ya kijiji igonge muhuri, kisha kamishna wa viapo naye aweke wake. Fomu ikikamilika, nusu ya kijiji inajua kijana anakopa. Akipata ajira, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kabla hajaigusa. Watu wanalalamika, na wana haki, ila tangu Rais Samia alipoifuta mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, angalau deni haliongezeki likiwa limelala.

Huku hakuna aliyekuwekea boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, mkononi, na hapo ndipo watu wetu wanapopotea. "Mimi sijakopa," wanasema. Mkataba unasema umekopa. Ukishajisajili masomo, chuo kimekupa huduma kwa ahadi yako ya kulipa, na ada ya muhula ni deni lako hata kama bili haijakufikia. Mikataba mingi inalitaja deni hilo waziwazi kuwa ni mkopo wa elimu, tena inanukuu kifungu cha 523(a)(8) cha sheria ya ufilisi ya Marekani. Maana yake ni kwamba hata mahakama ikikutangaza umefilisika, deni hilo kwa kawaida halifutiki. Na anayefungwa na mkataba ni mwanafunzi mwenyewe. Katika majimbo mengi mtoto wa miaka 18 ni mtu mzima, kwa hiyo hatafutwi baba wala mjomba.

Kipengele kinachowaumiza wageni kuliko vyote kinasema kwamba kutohudhuria si kujitoa. Nyumbani, usiporipoti chuoni, kwa kawaida nafasi imepotea na mambo yameishia hapo. Kuna kijana wa Mbeya ninayemfahamu alijisajili chuo kimoja, kabla ya masomo kuanza akapata kingine chenye ada nafuu, akahamia huko kimyakimya. Kile cha kwanza aliona aibu kukiaga. Muhula ulipokwisha akaletewa bili ya masomo ambayo walimu wake hakuwahi kuwaona. Alibishana sana. Walimrudishia nakala ya mkataba wenye jina lake, tarehe na saa aliyobonyeza.

Angejiondoa kwenye mfumo kabla ya masomo kuanza, huenda asingedaiwa ada kabisa. Wiki za mwanzo kwa kawaida unarudishiwa sehemu, sehemu hiyo inapungua haraka, na baada ya hapo hupati kitu. Kila chuo kina kalenda yake ya kujitoa, na mtoto aijue kuliko anavyoijua siku ya kuripoti.

Kuna pia wakusanya madeni. Ukichelewa sana, chuo kinalipeleka deni kwa kampuni ya nje, na gharama za kampuni hiyo unazibeba wewe. Nimesoma mikataba inayotaja hadi theluthi moja ya deni. Unadaiwa dola 3,000, zinaweza kuwa 4,000, na elfu moja ya nyongeza haijakufundisha hata herufi. Hapa siutetei mkataba hata kidogo. Kumfunga mtoto wa miaka 18 kwa kitufe kimoja, bila mtu mzima yeyote aliyekaa naye kumsomea, naona ni uvivu wa watu wenye wanasheria wengi.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ana mnyororo mwingine. Akidaiwa, akaunti yake inafungwa na hawezi kujisajili muhula unaofuata. Asipojisajili, hatimizi masharti ya kusoma kwa muda wote, ambayo kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kwa muhula. Asipoyatimiza, viza yenyewe inaingia matatani. Wala asitegemee kibarua: masomo yakiendelea anaruhusiwa kufanya kazi chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki, na ujira wake ni wa chakula na nauli. Kanuni ya serikali kuu iliyoanza Julai 2024, inayobana vyuo visizuie nakala za matokeo kwa sababu ya madeni, imejengwa juu ya misaada ya fedha ya serikali hiyo, ambayo mwenye F-1 hapati. California ilishapiga marufuku zuio hilo kwa sheria ya jimbo tangu 2020, kwa hiyo jimbo unalokwenda nalo lina uzito wake.

Na mzazi aliyeko Igowole asifikiri atapiga simu chuoni aulize salio. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi. Hela ni yako, ila taarifa ni zake, na chuo hakikuambii kitu mpaka yeye akujazie ruhusa kwenye mfumo. Kaka aliposikia hilo alicheka kwa hasira, ile ya wazee wetu. Binti akaijaza ruhusa jioni hiyohiyo, kabla hata ya kubonyeza mkataba.

Tulisoma wote watatu kwa simu, kifungu kwa kifungu, mtandao ukikatika kila mara. Kilichotuchukua muda si sheria, ni kalenda. Chuo kinapokea malipo kwa awamu, ukilipa ada ndogo ya kujiunga na mpango huo, na muhula wa pili bili yake inaiva Januari. Januari Mufindi ni mvua. Malori hayaingii mashambani, barabara za huko ndani ni tope tupu, na mnunuzi anayekuja wakati huo anakuja na bei ya kukuonea kwa sababu anajua una shida. Kaka ndiye aliyeliona hilo, mimi sikulifikiria. Akaamua kipande cha paina cha muhula wa pili kiuzwe Oktoba, barabara zikiwa kavu na mashine za dingdong za kupasulia mbao zikiwa na kazi, fedha ikae benki. Binti akaandika barua pepe kuuliza kama awamu ya kwanza ya Januari inaweza kulipwa mapema, kabla ya Krismasi. Wakamjibu kwamba inawezekana, bili ikishatoka.