Karanga zangu zilivyokuwa zinakufa zikiwa kijani

Shamba langu lipo wilayani Kongwa, ekari 3, na kuanzia 2013 lilikuwa la karanga tupu. Kila Desemba mvua ikishika, karanga. Sikuona sababu ya kubadili, maana karanga ndizo zilizolipa ada za wanangu na wanunuzi walizifuata mpaka nyumbani. Msimu wa kwanza nilivuna magunia 9 ya karanga zenye maganda kwa ekari. Msimu wa 2019 nilivuna 3.

Nilidhani udongo umechoka. Nikamwaga samadi, nikanunua mbolea ya kupandia, hali ikawa vilevile. Mzee mmoja jirani yangu akaniambia, "Mwanangu, udongo wa Kongwa uliwashinda hata Waingereza na matrekta yao." Alikuwa anausema ule mradi wa karanga wa mkoloni, ulioanza 1947 ukaachwa 1951. Namheshimu sana yule mzee, ila hapo sikukubaliana naye. Waingereza walikwamishwa na ukame, na ardhi iliyokakamaa kama sakafu mvua ilipokatika. Karanga zangu zilikuwa zinakufa mvua ipo. Leo unaona tawi moja limenyong'onyea, baada ya siku chache shina zima limekauka, kisha la pembeni, kisha la pembeni yake, mpaka panabaki kiraka cha duara.

Bibi shamba wetu alipopita aliniuliza, "Mama, umeshawahi kufukua pale shina linapoingia ardhini?" Nilikuwa sijawahi. Tukachuchumaa, akasogeza udongo kwa kidole. Palikuwa na nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, zimelizunguka shina, na juu yake vipunje vya kahawia, vidogo mfano wa mbegu za mchicha. Akasema hiyo ni kuvu, wataalamu wanaiita Sclerotium rolfsii, na vile vipunje ndiyo akiba yake. Vinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa vikisubiri chakula. Mimi nilikuwa nakipeleka kila Desemba.

Nilimsikiliza, lakini nilitaka kuona mwenyewe. Kiangazi kile nilichota udongo kwenye kiraka kibaya kuliko vyote. Nusu niliupika kwa mvuke kwenye nusu pipa, jikoni nje, asubuhi nzima, ukapoa siku mbili. Nusu nyingine niliuacha ulivyo. Nikajaza ndoo zilizotobolewa, nikapanda mbegu za fungu moja, mashina 10 kila upande, nikawa namwagilia sawasawa. Wiki ya saba, kwenye udongo mbichi yalikuwa yamekufa mashina 6. Kwenye udongo uliopikwa halikufa hata moja.

Ningeishia hapo ningejifunza nusu tu. Yale mashina ya kwenye udongo uliopikwa yalikuwa na rangi ya manjano, yamedumaa. Nilipoyang'oa, mizizi ilikuwa safi mno, haina vile vinundu vya bakteria wanaoilisha karanga naitrojeni. Bibi shamba akaniongezea kwamba kuna na kuvu wema, maikoriza, ambao nyuzi zao huingia ndani ya mzizi na nyingine zikatambaa mbali ardhini kuufuatia fosforasi, nao mmea unawalipa kwa sukari. Karanga inawategemea sana, kwa kuwa mizizi yake haina vinywele vingi. Moto wangu ulikuwa umewaua wote, mwema na mbaya. Siku ile niliacha kabisa kuwaza dawa ya kuua kila kitu ardhini.

Dada yangu anayelima viazi mviringo Njombe nilipomsimulia kwenye simu alishtuka. Kwake viazi vinavyorudiwa pale pale vilikuwa vinatoka na madoa meusi kama udongo usiooshika. Nayo ni kuvu, ya aina nyingine, Rhizoctonia, lakini kisa ni kilekile. Zao likirudi bila kupumzika, kila kinacholila kinaongezeka kwenye mizizi yake.

Nikaamua kulihamisha zao. Wengi walinishauri alizeti, kwa kuwa ina soko. Bibi shamba akakataa: alizeti nayo inaliwa na kuvu hiyohiyo, kunde vilevile, nyanya vilevile. Nafaka ndizo zisizoipa raha, na zinawalisha wale kuvu wema. Basi misimu miwili, 2020 na 2021, nikaweka uwele na mtama. Haikuwa rahisi. Kwelea kwelea walitushindisha shambani mwezi mzima, watoto wakipokezana kupiga madebe, na fedha ya mtama haikufika ile ya karanga. Mwaka wa pili niliuza mbuzi wawili ili mtoto arudi shule.

Nilibadili na mambo mengine mawili. Sisi huku wengi tunaberega, tunakwangua majani juu juu na kupanda bila kulima. Kwa kuhifadhi nguvu ni sawa, ila vile vipunje vinabaki juu kabisa, mahali vinapopenda. Nikakodi ng'ombe, tukageuza udongo kwa kina ili vifukiwe, kwa sababu vikikosa hewa vingi vinakufa. Tena nikaacha kuvuta udongo kwenye shina wakati wa palizi. Niliona ni kulisaidia, kumbe nilikuwa nalifunika shina kwa adui wake. Sasa napalilia bapa, na mashina yaliyokufa nayatoa shambani pamoja na mizizi. Karanga za kwenye viraka sizichanganyi na za kula; hakuna aliyesahau huku kwetu sumukuvu ilivyoua watu Chemba na Kondoa 2016, ingawa ile iliwapitia kwenye mahindi na inatoka kwa kuvu nyingine.

Msimu ulioanza Desemba 2022 nilirudisha karanga kwenye ekari moja. Nilikuwa nakwenda kufukua kila Jumamosi. Mashina yaliyokufa yalikuwa machache kiasi cha kuhesabika, na nilivuna magunia 7. Mizizi niliyong'oa ilikuwa imejaa vinundu, ukivipasua ndani ni vyekundu. Ekari ile ikarudi kwenye mtama, karanga zikahamia ya pili. Kona ya chini, maji yanaposimama, bado nyuzi nyeupe zinaonekana. Pale nimepanda uwele kwa mwaka wa nne mfululizo, na sijaahidi karanga.