Mapazia ya nyumba kongwe ya mawe

Ushauri mwingi wa mapazia mtandaoni umeandikiwa watu wa Uingereza, wanaoziba baridi kwenye nyumba kuukuu: kitambaa kizito, bitana nene, pindo mpaka sakafuni. Ukiufuata kwenye nyumba ya matumbawe na chokaa hapa Mji wa Kale wa Mombasa, umejijengea tanuri. Sisi tunalikimbia jua la alasiri na tunautaka upepo.

Jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Pazia la ndani hupata moto, kisha hulitoa joto lile lile chumbani. Kinga ya kwanza basi ni ya nje: shata za mbao zenye luva, yaani vibao vya kulala vilivyoachiana nafasi. Vibao vikiinama kwa nje, jua na mvua hukwama, upepo unapita. Zikague kabla hujaenda dukani. Mara nyingi hazijaoza, zimegandishwa tu na rangi ya mafuta iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Kwangua viungo, piga msasa, na bawaba zilizoliwa na kutu weka za shaba. Shata za dirisha la magharibi zifungwe saa nane mchana, vibao vikiwa wazi, zifunguliwe jua likizama. Kuta nene hutoa joto usiku na lazima lipate pa kutokea. Kama shata hakuna, tundika pazia la mianzi kwa nje, lakini Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo uliza kabla ya kugusa uso wa nyumba.

Pazia la ndani linabaki na kazi ya stara na mwanga. Pamba nyepesi, nyeupe au ya maziwa, inatosha. Kile kitambaa cha kuzuia mwanga chenye mpira nyuma kikae dukani: kwa joto na unyevu wa pwani mpira hunata, halafu hubanduka vipande vipande.

Kipimo: dirisha la inchi 48, rodi la 60 ili pazia likae pembeni usipolihitaji. Kitambaa kiwe mara mbili ya rodi, yaani inchi 120, ambazo ni vipande viwili vya upana wa 60. Kutoka rodi hadi kizingiti cha chini tuseme 60, ongeza 6 za kuning'inia na 10 za mapindo: 76 kila kipande, jumla 152, karibu mita 3.9. Nunua mita 4 na nusu, ukifue chote kabla ya kumpelekea fundi cherehani. Pamba hurudi, na wanaoruka hatua hii huishia na pazia linaloning'inia juu ya kizingiti kama suruali ya mwaka jana.

Ukutani ndiko wengi wanakoharibu. Chokaa ya zamani humeng'enyeka, plagi ya plastiki ya skurubu huzunguka ndani ya tundu, na siku ya pili rodi liko chini na kipande cha lipu. Funga mabano kwenye fremu ya mbao. Ikiwa imechoka, weka ubao wa inchi 4 kwa 1 juu ya dirisha, kwa skurubu ndefu za stenlesi zinazofika kwenye jiwe. Toboa bila kugongesha dirili, na tundu likibomoka lizibe kwa chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, hufungia unyevu na lipu ya pembeni hubanduka.

Rodi liwe la mbao au alumini, maana doa la kutu halitoki kirahisi kwenye pamba. Na lisimame mbali na ukuta angalau vidole vitatu, la sivyo ukipita mwezi wa tano utakuta madoa meusi ya ukungu mgongoni mwa pazia.